Yatupasa Kupata Mawakili wa Biashara Wetu Wenyewe

Ukiwauliza wanafunzi wa kidato cha nne wangependa kufanya kazi gani baadaye, wengi watajibu udaktari, uhandisi, ualimu au uaskari. Mmoja mmoja atasema uwakili. Na ukimwuliza huyo mmoja wakili hufanya kazi gani, atakuambia kwamba wakili ni mtu avaaye joho jeusi, asimamaye mbele ya jaji na kusema maneno mengi mpaka mwizi aachiliwe. Hiyo ni picha ya senema. Mimi nataka kueleza habari za wakili wa namna nyingine, ambaye wezi na wauaji si wateja wake, yaani wakili wa mashauri ya biashara. Tena nataka kusema kwa nini naona wilaya zetu za Masasi na Newala zinamhitaji sana mtu huyu, na kwa nini kijana atakaye kazi hiyo sharti aanze kujitayarisha sasa, angali darasani.

Palipo na kuuza na kununua pana ahadi, na palipo na ahadi hapakosi mwenye kuivunja. Mtu ameagiza magunia elfu moja, yakaja mia nane. Mwenye lori amepakia mzigo Newala, ukafika Mtwara umelowa. Benki imekopesha, mkopaji halipi. Au mkopaji amelipa, na benki yasema bado. Kampuni ya bima imepokea fedha kila mwaka, lakini ghala likiungua yatafuta sababu ya kutolipa. Watu wawili wamefungua duka kwa shirika, wamegombana, na kila mmoja asema duka ni lake. Katika mambo haya mara nyingi hapana polisi wala jela. Hukumu yake ni fedha: nani amlipe nani, kiasi gani, na lini. Mwanasheria anayeyashughulikia mahakamani ndiye wakili wa mashauri ya biashara.

Mashauri makubwa ya namna hii yamepewa mahakama yake. Mwaka 1999 ilifunguliwa Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu mjini Dar es Salaam. Wakati huo Rais alikuwa Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso hapa Masasi, na Jaji Mkuu alikuwa Francis Nyalali. Nchi ilikuwa imewafungulia milango wafanya biashara binafsi na mabenki, na haikufaa kesi ya mkopo au ya shehena ikae miaka mingi mpaka mali yenyewe ioze na wadai wafe.

Sasa tazameni jinsi shauri linavyokwenda, mpate kuona kazi hii ni ya namna gani. Mtu humjia wakili na mfuko wa makaratasi. Wakili huyasoma yote, hata yale ambayo mwenyewe asema hayana maana. Hutafuta tarehe, kwa sababu sheria imeweka ukomo: mwenye kudai haki ya mkataba hupewa miaka 6 tu tangu haki yake ivunjwe, na akichelewa mlango hufungwa hata kama alikuwa na haki nyeupe. Kisha huandika barua ya kudai. Pengine mambo huishia hapo. Yasipoisha, huandika hati ya madai, na upande wa pili huandika majibu. Halafu wote wawili hupelekwa kwanza mbele ya msuluhishi, utaratibu ulioingizwa katika mahakama zetu tangu 1994, ili wajaribu kupatana bila ya kushindana. Wakikosa kupatana ndipo shauri husikilizwa. Na katika Mahakama ile ya Biashara, kwa kanuni zake za 2012, ushahidi wa kila shahidi huandikwa mapema na kuletwa kwa maandishi. Siku ya kesi huja kuulizwa maswali juu ya yale aliyokwisha kuyaandika. Baada ya hukumu kazi haijaisha, maana kushinda ni jambo moja na kulipwa ni jambo jingine.

Kwa hiyo mwanafunzi anayejiona anafaa uwakili kwa kuwa ni bingwa wa mdahalo, na afikiri tena. Ulimi mwepesi humsaidia wakili, lakini chakula chake hutoka katika macho yake. Kazi hii ni kusoma, kulinganisha, kuhesabu na kuandika maneno machache yasiyoweza kugeuzwa maana.

Nitatoa mfano mmoja mkubwa unaojulikana na watu. Mwezi wa Mei 1995, Shirika la Umeme, yaani TANESCO, lilifanya mkataba wa miaka 20 na kampuni iitwayo IPTL. Kampuni ingejenga mtambo wa umeme wa megawati 100 huko Tegeta, Dar es Salaam, na TANESCO ingelipa fedha kila mwezi. Mkataba ulitaja mashine za mwendo wa polepole. Kampuni ikaleta mashine za mwendo wa kati. Mtu wa kawaida angesema mashine ni mashine, maadamu taa zinawaka. Lakini bei zake hazikuwa sawa, na malipo ya kila mwezi yalifuata gharama ya kuujenga mtambo. Mwaka 1998 shauri hilo likapelekwa mbele ya baraza la usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, ambalo ni la jamii ya Benki ya Dunia. Upande wa TANESCO ilikuwamo ofisi ya uwakili ya Nimrod Mkono, mwana wa Mara, ambaye baadaye alikuwa Mbunge tangu 2000 hadi 2015, naye alifariki mwaka 2023. Mwaka 2001 baraza lilitoa uamuzi wake: mkataba uliendelea, lakini gharama ya mtambo ilikatwa, na malipo ya TANESCO yakapungua. Habari za mtambo ule hazikuishia hapo, na ugomvi mwingine ulifuata baadaye. Lakini fundisho lake lafaa kuandikwa ubaoni: mamilioni ya dola yalisimama juu ya maneno mawili matatu yaliyoeleza mwendo wa mashine, na palihitajika watu wenye kuyaona maneno hayo na kuyashikilia.

Huenda mzazi akauliza, umeme wa Tegeta na mashine zake vyatuhusu nini sisi wa huku? Basi na tuje nyumbani, tuseme habari za korosho.

Zamani mkulima alimpelekea mnunuzi mzigo wake, akapewa fedha mkononi, akaenda zake. Siku hizi sivyo. Kwa Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2005, ambayo kwa korosho za mkoa wetu ilianza kutumika msimu wa 2007/08, mkulima hupeleka mzigo kwa chama chake cha msingi. Hapo hupimwa na kupangwa daraja. Mzigo huenda ghala kuu, na ghala hutoa stakabadhi. Chama kikuu, yaani TANECU kwa watu wa Newala na Tandahimba, na MAMCU kwa watu wa Masasi na majirani zake, husimamia mnada. Mnunuzi akishinda hulipa, fedha hupita benki, hukatwa makato, na mwisho humfikia mkulima.

Hebu hesabuni, hapo pana mapatano mangapi? Pana la mkulima na chama, la chama na mwenye lori, la chama kikuu na mwenye ghala, la mnunuzi na wauzaji, la benki na wote hao, tena pana bima. Kila moja lina karatasi yake, na katika kila karatasi pana mahali ambapo kilo chache au shilingi chache zaweza kuanguka. Gunia lililopimwa kilo 80 kijijini likifika ghala kuu lina kilo 78, nani achukue hasara? Mnunuzi aliyeshinda mnada asipolipa kwa siku iliyowekwa, afanywe nini? Korosho za daraja la kwanza zikikaa mpaka zikashuka daraja, ni kosa la nani? Majibu yamo katika maandishi. Aliyeyasoma ndiye mwenye nguvu, na asiyeyasoma husubiri kuambiwa.

Tena kuna kangomba, jambo ambalo hapana mtoto wa hapa asiyelijua. Mkulima amebanwa kabla ya mavuno: nyumbani pana mgonjwa, au hapana chakula, au salfa haijanunuliwa. Mtu humletea fedha kidogo, naye huahidi kulipa kwa korosho mavuno yakija, kwa kipimo na kwa bei ya yule mwenye fedha. Serikali imeikataza biashara hii mara nyingi, lakini bado hufanyika gizani. Watu wengi huidhani ni mkataba kama mkataba mwingine, kwa kuwa walikubali kwa vinywa vyao. Sheria ya Mikataba ya 1961, ambayo ilichota sana katika sheria ya India ya 1872, haisemi hivyo. Yasema mapatano huwa mkataba ikiwa wenye kupatana wana akili timamu na umri uliotimia, wamekubali kwa hiari, kila mmoja anatoa kitu cha halali, na shabaha ya mapatano yenyewe ni ya halali. Aliyekubali kwa kutishwa, kwa kulaghaiwa au kwa kulemewa na mwenye nguvu juu yake hakukubali kwa hiari. Na mapatano ya jambo lililokatazwa, mahakama haiyatekelezi. Ni wakulima wangapi waliowahi kuelezwa hayo kabla ya kukabidhi magunia yao?

Tena tusifikiri kwamba ni wakulima tu ambao hupatwa na taabu ya mikataba. Mwezi wa Novemba 2018 Serikali iliamua kununua yenyewe korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, baada ya wanunuzi kutoa bei zilizoonekana kuwa ndogo. Tarehe 30 Januari 2019 ukatiwa sahihi mkataba wa kuiuzia kampuni moja ya Kenya tani 100,000 kwa thamani ya shilingi bilioni 418. Mkataba huo haukutimizwa, na mwaka huo huo uliachwa. Silengi kumlaumu mtu. Nasema tu kwamba sahihi peke yake haileti fedha. Kabla ya kalamu kugusa karatasi sharti mtu aulize: huyu mnunuzi ni nani, ana mali gani, amedhaminiwa na benki gani, na asipolipa tutamshika wapi? Kuuliza maswali hayo ni kazi ya wakili wa biashara, na wakili mzuri huyauliza mapema ili pasiwe na kesi kabisa.

Sasa mawakili hao wako wapi? Zamani za ukoloni Mwafrika mwenye kazi hii hakuonekana ila kwa nadra. Chama cha Mawakili wa Tanganyika kilipoundwa kwa sheria ya 1954, mawakili karibu wote walikuwa Wazungu na Wahindi. Ndiyo maana chuo kikuu chetu kilipofunguliwa Oktoba 1961, kitivo cha kwanza kilikuwa cha sheria, na wanafunzi wake walikuwa 14 tu. Miongoni mwao alikuwamo msichana mmoja, Julie Manning, ambaye alikuwa mwanasheria wa kwanza mwanamke wa nchi hii, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Leo daftari la mawakili limepita majina 10,000. Lakini majina hayo mengi yana ofisi zake Dar es Salaam, na machache katika miji mingine mikubwa. Mkulima wa Kitangari au wa Chiungutwa akipatwa na jambo, nauli na malazi vyaweza kumaliza kile anachokidai. Wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wafanya kazi njema vijijini, lakini kazi yao ni kuelimisha na kuelekeza. Kesi ya bilioni moja ya chama cha ushirika hawawezi kuisimamia mahakamani.

Njia ya kufikia kazi hii ni ndefu, na sipendi mtu adanganywe. Baada ya kidato cha sita mwanafunzi husomea shahada ya sheria kwa miaka mitatu au minne, kwa kadiri ya chuo. Kisha huingia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi huiita Shule ya Sheria, iliyoanza kupokea wanafunzi 2008. Akifaulu huomba kwa Jaji Mkuu, naye akikubaliwa huapishwa na kuandikwa katika daftari. Na kufaulu huko si kitu cha bure. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya watahiniwa 633 wa shule hiyo: waliofaulu moja kwa moja ni 26, walioambiwa warudie mitihani 342, na walioondolewa kabisa 265. Nchi nzima ilishtuka, na Waziri akaunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe kuchunguza sababu. Watu walibishana sana kama kosa ni la shule hiyo, la vyuo vikuu au la wanafunzi. Kwa maoni yangu, mtu ambaye tangu kidato cha kwanza alikariri majibu asiyoyaelewa hawezi kugeuka msomaji katika mwaka wa mwisho.

Watu wengine huipinga kazi hii. Husema mawakili ni waongo. Nami najibu kwamba kazi hii ina miiko kuliko watu wanavyodhani. Wakili hawezi kuwatumikia wote wawili wanaogombana. Haruhusiwi kuchanganya fedha za mteja na zake. Akikosa hushtakiwa mbele ya Kamati ya Mawakili, na jina lake laweza kufutwa katika daftari. Katika biashara hasa, wakili mwongo hafiki mbali, maana karatasi za upande wa pili zitamwumbua.

Wengine husema ni kazi ya kutafuta utajiri. Ni kweli wapo waliotajirika, lakini kijana anayeingia kwa ajili ya hayo tu atakata tamaa mapema, kwa kuwa miaka ya kwanza ya wakili mpya ni ya kubeba majalada ya wakubwa wake na kungoja katika makorido ya mahakama.

Wengine tena husema tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kufanywa lugha ya sheria na ya mahakama, basi Kiingereza hakina kazi. Hilo ni kosa. Kiswahili kortini ni haki ya wazazi wetu, na ni jambo la kushangilia kwamba mkulima aweza kusikia hukumu yake katika lugha aijuayo. Lakini mikataba ya meli, ya benki na ya wanunuzi wa nje bado huandikwa kwa Kiingereza, na hukumu za zamani ambazo mawakili huzitegemea zimeandikwa hivyo. Wakili wetu sharti awe kama mlango wenye bawaba mbili: asome kwa Kiingereza yaliyofichwa, ayaeleze kwa Kiswahili chepesi barazani kwa mzee.

Basi mwanafunzi afanye nini sasa? Kwanza, asome kitabu kizima, asitosheke na daftari la mwenzake. Pili, asiichukie hesabu. Wengi hukimbilia masomo ya sanaa kwa kuikimbia hesabu, kumbe kesi ya mkopo ni riba, na kesi ya shehena ni uzani na bei. Tatu, ajifunze kuandika barua fupi iliyo wazi, yenye tarehe. Nne, ajizoeze uaminifu katika vitu vidogo: mweka hazina wa chama cha wanafunzi asiyeweza kuonyesha stakabadhi za shilingi elfu kumi, nani atamkabidhi mali ya chama cha ushirika?

Nanyi wazazi wetu, mna sehemu yenu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila karatasi mliyopewa ghalani, iwekeni. Kabla ya kutia sahihi au dole gumba, mwambieni mtoto wenu aliye sekondari awasomee yote kwa sauti, tangu juu mpaka chini. Kama hana uwezo wa kuisoma, sisi walimu na wanafunzi tuone haya na tuongeze bidii. Wala msimkatize binti masomo kwa kudhani uwakili si kazi yake. Katika wale 14 wa mwaka 1961 yeye alikuwamo.

Mimi sisemi kila mmoja awe wakili. Uwanda huu wahitaji pia waganga, mabwana shamba na mafundi. Lakini nasema hivi: shule zetu za Masasi na Newala zikitoa mawakili wa biashara watano tu waliosoma vizuri, wakakubali kufungua ofisi zao hapa, chini ya mawe ya Masasi au juu huku Newala, kilo nyingi zinazopotea njiani zitapata mtu wa kuziulizia. Korosho zetu hupandwa na mikono yetu. Yafaa hati zake nazo zisomwe na macho yetu.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye maoni mengine na ayaandike katika gazeti la muhula ujao, tupate kuyasoma.